Mapenzi Yaliyopotea na Kurudi: Kumsoma Myombekere Ukiwa Bariadi

Utangulizi

Katika semina moja ya riwaya tuliulizwa kila mmoja wetu ataje riwaya ya mapenzi iliyodumu, ile inayosomwa na kizazi baada ya kizazi, ambayo ndani yake wapendanao wanatenganishwa kisha wanapata nafasi ya pili. Jibu lilitoka upesi: Persuasion ya Jane Austen. Haya, na ya Kiswahili je? Darasa likawa kimya. Mwenzetu mmoja akasema kwamba sisi hatuna riwaya ya namna hiyo. Riwaya zetu nzito, alisema, ni za siasa na migogoro ya kitabaka, na za mapenzi ni vile vijitabu vinavyouzwa stendi za mabasi. Watu wakacheka, kipindi kikaisha.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekumbuka kitabu kimoja kinene ambacho wengi wetu tumekiona maktaba na kukirudisha rafuni kwa kuogopa unene wake: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza, kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Kina zaidi ya kurasa 600. Mara nyingi kinatajwa kama hazina ya mila za Wakerewe, na wanaokitaja hivyo huishia hapo hapo. Sijasikia mtu akikiita riwaya ya mapenzi.

Makala haya yanataka kusema kwamba ni riwaya ya mapenzi, tena ya mapenzi yaliyopotea na kurudi. Nitajaribu kuonyesha pia kwamba zile mila zinazolaumiwa kwa kukifanya kitabu kiwe kizito ndizo njia ambayo penzi linapita ili lirudi. Mwisho nitagusia historia ya mswada wenyewe, maana nao ulipotea na kurudi.

Hadithi yenyewe kwa ufupi

Tuko Ukerewe ya zamani, kabla ya utawala wa Wazungu. Myombekere na Bugonoka ni mtu na mke wake. Wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno: mwanamke gani huyu, huoi mwingine wewe? Maneno hayana miguu lakini yanafika mbali. Yanawafikia wazazi wa Bugonoka, Namwero na Nkwanzi, nao hawakubali mtoto wao awe wa kutukanwa katika nyumba za watu. Wanamchukua na kurudi naye kwao.

Hapo ndipo penzi linapopotea. Lakini tuangalie vizuri limepoteaje. Hakuna aliyemchoka mwenzake wala aliyetoka nje ya ndoa. Wawili hawa wametenganishwa na midomo ya watu wengine: upande mmoja umesema vibaya, upande wa pili umeona aibu. Kwa lugha yetu ya uhakiki, mgogoro hauko baina ya mume na mke. Uko baina ya koo mbili, na wao wawili wamebanwa katikati kama nafaka kwenye jiwe la kusagia.

Sasa Myombekere afanye nini? Njia zipo. Angeweza kuwasikiliza ndugu zake na kuoa mwingine. Angeweza kukaa kimya mpaka jambo lipoe. Yeye anafunga safari kwenda kwa wakwe kumwomba mke wake. Wakwe hawamfukuzi, lakini pia hawampi mke mkononi aondoke naye. Kuna faini: alete pombe ya ndizi. Hapo msanii anapunguza mwendo. Msomaji aliyezoea riwaya za haraka anaanza kuhesabu kurasa. Pombe ya ndizi inataka ndizi zivundikwe ziive, zikamuliwe, juisi ichanganywe na nafaka, iachwe ichachuke. Inataka vyombo, majirani na watu wa kubeba. Ndizi haziwezi kuiva kwa sababu mtu ana haraka ya mke.

Mwisho wake Bugonoka anarudi. Anapatikana mganga, Kibuguma, na matibabu yake nayo yanaelezwa bila haraka. Anazaliwa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, halafu wa kike, Bulihwali. Majina yao yanabeba habari za kifo na huzuni, kama ilivyo desturi ya wazazi waliosubiri mno na kuogopa mno. Sehemu kubwa iliyobaki ya kitabu ni maisha ya watoto hao wawili, ambao bila ile safari ya baba yao kwenda ukweni wasingezaliwa.

Ng'ambo ya ghuba

Mimi ni mtu wa Bariadi. Mtu anaweza kuniuliza, Msukuma wewe, Ukerewe inakuhusu nini? Ukitoka Bariadi kwa gari ukielekea kaskazini unapita mashamba ya pamba na mbuga za malisho mpaka unafika Lamadi, wilaya ya Busega, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Hapo ziwa liko mbele yako. Lile ni Ghuba ya Speke, na ng'ambo yake ni Ukerewe. Mto Simiyu, ambao mkoa wetu ulipewa jina lake ulipoanzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza, unamwaga maji yake katika ghuba hiyo hiyo. Lugha zetu si moja, maana Kikerewe kiko karibu zaidi na Kijita na Kihaya kuliko Kisukuma. Lakini mitumbwi ilivuka ghuba hii tangu zamani, na mwanahistoria Gerald Hartwig, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu Wakerewe na biashara ya masafa marefu katika karne ya 19, ameonyesha jinsi kisiwa kile kilivyofungamana na watu wa bara. Bidhaa zikivuka, na desturi zinavuka.

Ndiyo maana nilipokisoma kitabu hiki mara ya kwanza sikuona mambo ya ajabu. Niliona mambo ya nyumbani. Bibi yangu mzaa mama aliwahi kurudishwa kwao. Alikuwa amefiwa na watoto wawili mfululizo, na upande wa mume wakaanza kusema kwamba ana mkosi. Kaka zake wakaja wakamchukua. Alikaa kwao misimu miwili ya pamba. Ng'ombe wa mahari walikuwa bado zizini kwa baba yake, na huku na huku watu walishaanza kuulizana ni wangapi warudishwe, maana kwetu ndama waliozaliwa nao wana hesabu yao. Siku moja babu akatokea kwa miguu, yeye na mzee mmoja wa ukoo wake, na mbuzi wa kamba. Wakakaa chini ya mti nje ya boma tangu asubuhi mpaka jua likaegemea. Hawakukaribishwa haraka. Ilikuwa sehemu ya adhabu.

Nilipomuuliza Bibi kama alimpenda babu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Angekuwa hanitaki angetuma maneno," alisema. "Alikuja na mbuzi."

Sentensi hiyo ilinifundisha kumsoma Kitereza. Sisi wanafunzi tukitafuta mapenzi ndani ya riwaya tunatafuta kauli: nakupenda, siwezi kuishi bila wewe. Tusipoziona tunasema mtunzi hakushughulika na mapenzi, alishughulika na mila. Lakini katika jamii ile, na katika jamii ya Bibi, mapenzi hayasemwi hivyo mbele ya wakwe. Yanaonekana katika umbali ambao mtu amekubali kutembea, na katika muda ambao amekubali kukaa juani. Mitungi ya pombe ya Myombekere ndiyo kauli yake, na wakwe wanaielewa vizuri kabisa. Bugonoka naye anaielewa.

Sheria na riwaya

Historia ya ndoa katika Usukuma imeandikwa sana, lakini kwa kalamu ya namna nyingine. Mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa akiifanyia kazi serikali ya kikoloni, alitoa kitabu kuhusu sheria na desturi za Wasukuma. Ni kitabu chenye manufaa. Ukitaka kujua ng'ombe wanalipwaje, wanarudishwaje, na mtoto ni wa nani endapo mahari haikulipwa, utapata majibu humo. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ilitangaza mkusanyo wa sheria za kimila uliokusudiwa kuzilinganisha desturi za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo pamoja na mengine ilisema kwamba ndoa haiwi batili kwa sababu tu mahari haikutolewa.

Ukiyasoma maandishi ya aina hii utaona kwamba sheria inaiona ndoa vizuri zaidi pale inapovunjika. Swali lake kubwa ni nani arudishiwe nini. Riwaya ya Kitereza inauliza lile lililo mbele ya hilo: watu walifanya nini ili isivunjike? Hakimu anaikuta kesi imeshaiva. Kitereza anatupeleka mahali ambapo kesi haijawa kesi, ambapo wazee wamekaa, mkwe ameinamisha kichwa, na bado kuna nafasi.

Nakiri kwamba sheria ya 1971 haikulisahau jambo hilo. Inataka, isipokuwa kwa sababu maalumu, mgogoro wa mume na mke upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya ombi la talaka kufika mahakamani. Kwa maneno mengine, dola yenyewe ilikubali kwamba nafasi ya pili inahitaji mahali pa kukalia na watu wa kuisikiliza. Namwero na Nkwanzi walilijua hilo bila karatasi.

Barua mbili

Sasa turudi kwa Jane Austen, maana sikumtaja ili nimfukuze. Katika Persuasion, Anne Elliot akiwa na miaka 19 anashawishiwa na mama mlezi, Lady Russell, avunje uchumba wake na Frederick Wentworth kwa kuwa kijana hana mali. Miaka minane baadaye wanakutana tena. Kijana sasa ni nahodha mwenye fedha, Anne ana miaka 27, na kila mmoja anaogopa kumtazama mwenzake. Hapa napo penzi halikuuawa na wenyewe. Liliuawa na ushauri wa mkubwa aliyedhani anatenda jema. Anne na Bugonoka wangeelewana kwa jambo hili, ingawa mmoja ni binti wa baroneti wa Uingereza na mwingine ni mke wa mkulima wa kisiwani.

Tofauti iko kwenye njia ya kurudi. Wentworth anarudi kwa barua. Anaiandika chumbani, watu wakiwepo lakini hawajui, anaiacha mezani, na mwanamke anaisoma peke yake. Nafasi ya pili kwa Austen ni siri ya watu wawili, na jamii inaarifiwa baadaye. Kwa Myombekere hakuna siri. Kila hatua ina shahidi. Walioharibu kwa maneno ya hadharani wanalazimika kuona mambo yakitengenezwa hadharani. Sisemi ipi ni bora. Nasema kwamba ukitumia kipimo cha barua kumpimia Myombekere utamwona hana hisia, na kosa litakuwa la kipimo.

Kuna barua nyingine, ya nyumbani. Ukerewe hiyo hiyo ilitupa mwandishi mwingine, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya 1971, tunaisoma kama riwaya ya malezi na ya ukengeushi, na ni sawa. Lakini isome pia kama riwaya ya nafasi ya pili. Mwanzoni kijana Charles anamwandikia Rosa barua. Baba yake Rosa, Zakaria, anaigundua na kumpiga binti yake vibaya mno. Miaka inapita, Rosa anasoma, anaharibikiwa, anajirekebisha, anakuwa mwalimu. Charles anarudi katika maisha yake na uchumba unafungwa. Penzi lililokatwa na fimbo ya baba limepata njia tena. Halafu Charles anagundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua.

Kwa nini Bugonoka arudi na Rosa afe, na wote ni wa kisiwa kimoja? Jibu rahisi ni kwamba Kitereza ni mtu wa zamani aliyeipamba jamii yake na Kezilahabi ni mtu wa mashaka. Mimi naona kuna jibu la kihistoria. Kati ya wakati wa Myombekere na wakati wa Rosa yalipita mambo mengi: misheni, shule ya bweni, mshahara, mji. Katika mambo hayo yote, baraza la wazee lililoweza kumwambia mwanamume "hapana, wewe ndiye mwenye kosa, leta faini" lilipoteza nguvu. Charles anamhukumu Rosa peke yake. Hakuna mkwe wa kumwinamia, hakuna wa kumuuliza yeye Charles amekuwa wapi miaka yote hiyo na amefanya nini. Uhuru wa kuchagua mchumba ulikuja, na ulikuwa jambo jema. Lakini ulikuja pamoja na uwezo wa kumtupa mtu bila kuulizwa na yeyote.

Hapa Bariadi tunaujua mpito huo. Mwaka wa pamba nzuri harusi ni nyingi. Mwaka mbaya vijana wanaondoka kwenda Mwanza, Geita au Dar es Salaam, na ndoa nyingine zinakatika kwa simu. Hakuna aliyekwenda, hakuna aliyekaa chini ya mti. Nani atamwambia nani alete mbuzi?

Mswada uliopotea

Historia ya kitabu chenyewe inafanana na hadithi iliyomo. Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, akiwa wa ukoo wa watemi wa kisiwa hicho. Alisoma kwa wamisionari, wakiwemo wa seminari ya Rubya kule Bukoba. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Hawakubaki na mtoto hata mmoja. Ndugu msomaji, soma sentensi hiyo kisha urudi kwenye ukurasa ambapo ndugu wa Myombekere wanamwambia aoe mwingine. Sitaki kusema kwamba riwaya ni maisha ya mtunzi. Tumefundishwa kuogopa kosa hilo. Lakini ni vigumu kuamini kwamba mtu huyu aliyaandika maneno ya wale ndugu kwa kubuni tu.

Aliandika kwa Kikerewe, lugha yake, na mwaka 1945 mswada ulikuwa umekamilika. Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, alimtia moyo, lakini akafariki kabla kitabu hakijatoka. Wachapishaji hawakuona soko la riwaya nene katika lugha ya kisiwa kimoja. Miaka ikaenda. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti. Mzee Kitereza, aliyekuwa amepita miaka 70, akakaa akaitafsiri kazi yake yote kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Fikiria kazi hiyo: zaidi ya kurasa 600, kwa mtu aliyekwishasubiri zaidi ya miaka 20 bila jibu. Ikapita miaka mingine kumi hivi mpaka kitabu kikatoka, kikiwa na tarehe ya 1980. Mwandishi alifariki Aprili 1981, nakala zikiwa hazijamfikia.

Austen naye alifariki Julai 1817, na Persuasion ikatoka Desemba mwaka huo huo. Tofauti ni kwamba Austen alikwisha kuona vitabu vyake vingine vikiuzwa. Kitereza hakuiona riwaya yake hata moja ikiwa kitabu.

Baada ya kifo chake kazi ikaanza kutembea. Wilhelm Möhlig aliitafsiri kwa Kijerumani katika mabuku mawili, la kwanza mwaka 1991 na la pili mwaka 1993. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa Uwike Usiwike Kutakucha na mzaliwa wa Ukerewe, alitoa tafsiri ya Kiingereza aliyoifanya moja kwa moja kutoka Kikerewe, ikachapishwa na Mkuki na Nyota. Kwa hiyo kila mara kitabu hiki kilipokaribia kusahauliwa, kulikuwa na mtu aliyefunga safari kukifuata. Hakikurudi chenyewe.

Pingamizi mbili

Najua yatakayosemwa. Pingamizi la kwanza: kitabu ni etinografia iliyovikwa hadithi. Mtunzi anasimama kutueleza jinsi ya kutengeneza pombe, kusalimia wakwe na kutibu, na ploti inalala. Kwa kiasi nakubali. Zipo kurasa ambazo nilizipita nikisinzia, na Kitereza mwenyewe hakuficha kwamba alitaka vijana wasisahau mambo ya wazee wao. Lakini jaribu kuitoa ile pombe ya ndizi ndani ya riwaya, uone. Bugonoka atarudi vipi? Atarudi kwa sababu mume ana huzuni? Kila mtu alikuwa na huzuni, hata Nkwanzi. Maelezo ya pombe ni muda wa kungoja uliowekwa kwenye maandishi. Msomaji anachoshwa kidogo ili aonje kuchoka kwa Myombekere. Fani na maudhui hapo vimeshikana, na mhakiki anayevitenganisha ndiye anayepata mapambo matupu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sina jibu la kulimaliza. Katika safari zote hizi, Bugonoka anaulizwa lini? Lawama ya kukosa mtoto inamwangukia yeye. Wazazi wanamchukua yeye. Faini inalipwa kwa baba yake. Dada zetu katika semina wamelisema hili kwa ukali, na wana haki. Tukimsifu Myombekere kwa miguu yake, tusisahau kwamba mwanamke hakuwa na ruhusa ya kutembea vile. Angekuwa Bugonoka amejiondokea mwenyewe kumfuata mume, jamii ile ingempa jina gani? Bibi yangu naye, pamoja na fahari yake juu ya yule mbuzi, aliniambia jambo jingine baada ya kimya kirefu: katika misimu ile miwili hakuna aliyemuuliza kama anataka kurudi. "Nilikuwa nataka," alisema. "Lakini hawakuuliza."

Kwa hiyo sisemi turudi Ukerewe ya Myombekere. Nafasi ya pili ya zamani ilikuwa na wazee wa kuisimamia, na ilikuwa na kasoro hiyo kubwa. Yetu ya leo inamruhusu mwanamke aseme, lakini mara nyingi haina mahali pa kusemea.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba swali la semina lilikuwa na jibu. Tunayo riwaya ya mapenzi yaliyopotea na kurudi, iliandikwa miongo mingi iliyopita ng'ambo ya ghuba inayoonekana kutoka Lamadi, na haikuwa lazima imwige mtu yeyote. Hatukuiona kwa sababu tulikuwa tunatafuta barua, nayo imekuja na mitungi ya pombe.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kitabu hiki kinamtaka msomaji ainame kwa kurasa mia sita na zaidi. Nimeangalia nakala ya maktaba yetu: jalada limetoka, na karatasi ya mihuri ya kuazimia ina nafasi nyingi tupu. Nashauri walimu wetu wakipe kitabu hiki wiki zake katika kozi ya riwaya, na kisomwe pamoja na Rosa Mistika, hizo mbili za kisiwa kimoja zikabiliane. Na wewe mwenzangu uliyecheka siku ile, nenda ukakiazime. Mimi nimeshakirudisha.